Jinsi ya kuchagua vakyumu ya maji na vumbi itakayodumu nyumbani

Vakyumu yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa nne, katikati ya masika, sebuleni kwetu Sinza. Maji yalikuwa yameingia kwa mlango wa nyuma. Hayakuwa mengi, kina cha kidole tu. Kwa haraka zangu nikachukua mashine tuliyokuwa tunavutia vumbi la zulia, nikachomeka, nikaanza kunyonya. Ilivuta labda vikombe vitatu, ikakoroma, ikatoa harufu ya waya unaoungua, na sakiti breka ikakata. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo na dekio mkononi. Hakusema neno, akaanza kudeki.

Tangu siku hiyo nimenunua nyingine mbili za maji na vumbi. Ya pili ilinifundisha mengi kwa kuharibika vibaya, ya tatu inafanya kazi mpaka leo. Mimi si fundi, ila nimekaa sana kwenye benchi la fundi wangu pale Manzese nikimwangalia anavyofungua mashine za watu, na kitu kimoja nimekiona kikijirudia: zinazodumu ni zile zinazoweza kufunguliwa, zikapata spea, zikarudi kazini. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na wati wala ukubwa wa boksi. Kama unataka kujua ipi ni kubwa kuliko zote, muuzaji atakuambia bure.

Hatua ya 1: Jiulize utavuta nini hasa

Kaa chini uandike. Zulia na makochi? Gari kila Jumamosi? Mchanga wanaoingia nao watoto? Maji ya masika, au maji ya mashine ya kufulia iliyofurika? Vumbi la fundi jipsamu? Kila kimoja kinadai kitu chake. Maji kwenye vigae yanataka hewa nyingi na kichwa kipana chenye mpira wa kukamulia. Mchanga uliozama ndani ya zulia unataka nguvu ya kunyonya. Vumbi la jipsamu na saruji linataka filta nzuri na mfuko, la sivyo litaishia ndani ya mota.

Kwa nyumba ya kawaida yenye gari moja, tangi la lita 15 hadi 20 linatosha. Usichukue zile pipa kubwa za kwenye kuoshea magari. Nyingi zina mota tatu, na mota tatu za wati 1000 kila moja ni wati 3000, wakati plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 mwisho wake kwenye volti 230 ni wati 2990. Ukiziwasha zote tatu unaivusha plagi mwisho wake, kwa hiyo kwa usalama utawasha mbili, ya tatu utakuwa umeinunua kwa ajili ya kuitazama.

Hatua ya 2: Hakikisha umeme wake ni wa hapa

Hili ni la dakika moja, ila wengi wameliwa hapa. Tanzania tunatumia volti 230 na Kenya 240, zote hezi 50. Kila mashine ina kibati au stika ya takwimu, mara nyingi chini ya tangi au nyuma ya kichwa, yaani kile kifuniko cha juu chenye mota. Isome kabla ya kusoma boksi.

Mashine ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya 100. Ukiichomeka hapa inazunguka kwa kelele ya ajabu sekunde chache, halafu kwaheri. Kuna wanaosema utanunua transfoma ya kushushia. Sawa, lakini kwa mashine ya wati 1400 unahitaji transfoma kubwa na nzito, na bei yake si ndogo. Ya mtumba kutoka Japani iache hapohapo ilipo, hata kama inang'aa.

Ndugu aliye Dubai au Muscat akikuletea, umepona: volti inalingana na plagi ni hii hii ya pini tatu za bapa. Ya Ulaya bara nayo volti inafaa, utabadilisha plagi tu. Ya Uingereza inafaa kwa yote mawili, ila angalia aina. Henry, ile nyekundu yenye macho na tabasamu ya kampuni ya Numatic, ni ya vumbi kavu tu. Anayevuta maji ni ndugu yake wa kijani, George. Namfahamu mama mmoja aliyetumiwa Henry na mwanawe, akaipeleka moja kwa moja kwenye maji ya bafuni. Tabasamu lilibaki, mota haikubaki.

Hatua ya 3: Ijue mota kabla ya kuijua bei

Hapa ndipo penye uhai wa mashine, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mota za vakyumu ziko za aina mbili. Ya kwanza hupozwa na hewa ileile inayovutwa: hewa inaingia na uchafu wako, inapita kwenye filta, inapita katikati ya mota, inatoka. Ni rahisi kuitengeneza na inafaa vumbi kavu. Ikivuta maji, unyevu wote unapita kwenye waya. Na mpira wa kunyonyea ukiziba, hewa ya kupozea nayo imekatika, mota inajipika yenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa yangu ya kwanza.

Aina ya pili ina njia mbili zilizotenganishwa. Hewa chafu na yenye unyevu inapita kwenye feni za chini na kutoka kando bila kugusa waya. Juu ya mota kuna feni nyingine ndogo inayovuta hewa safi ya chumbani kwa ajili ya kupozea tu. Vakyumu ya maji na vumbi inayostahili jina hilo ina mota ya aina hii.

Utaitambuaje dukani bila bisibisi? Chukua kipande cha tishu ya chooni. Omba mashine iwashwe, kisha ziba mdomo wa mpira kwa kiganja, uzibe kabisa. Pitisha tishu taratibu kwenye matundu yote ya kichwa cha mashine. Kama ina njia yake ya kupozea, utakuta tundu moja bado linapuliza tishu na lingine bado linaivuta, ingawa kiganja chako kimefunga kila kitu. Kama tishu imetulia kila mahali, mota hiyo inategemea hewa ya mpira tu. Rudisha, ondoka. Na usishtuke mlio ukipanda ukishaziba. Mota haina hewa ya kusukuma, imepata wepesi, inakimbia zaidi. Ni kawaida, ila usiiache hivyo muda mrefu.

Kitu cha pili ni kaboni. Mota hizi huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na umeme unaifikia sehemu inayozunguka kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua kwenye komuteta, ile pete ya shaba inayozunguka pamoja na mota. Kaboni huliwa, ndiyo kazi yake. Kwenye mota nzuri inadumu saa mia kadhaa. Ukitumia vakyumu saa mbili kwa wiki, hiyo ni kama saa 100 kwa mwaka, kwa hiyo una miaka kadhaa kabla haijakwisha. Swali ni nini kitafuata siku ikiisha: je, kaboni hizo zinatolewa kwa skrubu mbili na zinauzwa mtaani, au mota imefungwa jumla na kubandikwa kwa gundi?

Yangu ya pili ilikuwa ya namna hiyo. Nilinunua laki na sitini, tangi la chuma linalong'aa, boksi zuri. Mwaka wa pili ikaanza kutoa cheche na kukatakata. Fundi akaifungua, akatoa kaboni zilizobaki kama ukucha. Tukazunguka Kariakoo nzima, saizi ile haipo. Mwishowe akachukua kaboni za grinda, kubwa zaidi, akaweka msasa juu ya kigae, akaanza kuzisugua. Anasugua mara nne tano, anazijaribu kwenye tundu lake ndani ya mota, anatoa, anasugua tena. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi kama cha mtu aliyepiga kura mara kumi. Ziliingia, mashine ikawaka, nikashangilia. Baada ya miezi minane komuteta ilikuwa imechimbika mifereji, kwa sababu kaboni ya grinda haikuwa ya ugumu uleule. Hapo hakuna tena cha kutengeneza.

Hatua ya 4: Soma namba, lakini usizitii

Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani, hazikuambii inanyonya kiasi gani. Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, umeweka kikomo cha wati 900 kwa vakyumu za kawaida za nyumbani (kuanzia Septemba 2014 kilikuwa 1600), na watu wa huko bado wanasafisha mazulia yao. Za maji na vumbi hazimo kwenye kanuni hiyo, lakini somo ni lilelile: ubunifu wa feni na kubana kwa mihuri ya mpira kuna uzito kuliko wati.

Kuna mashine zinazoandikwa nguvu za farasi, hasa zenye asili ya Marekani: 5, 6, hata 6.5. Piga hesabu. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, kwa hiyo 6.5 ni karibu wati 4850. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120 na ampea 15, haitoi zaidi ya 1800. Namba hiyo ni ya kilele cha sekunde chache maabara, haitafika sebuleni kwako.

Namba zenye maana ni mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kunyonya, huandikwa kPa au mbar (1 kPa ni mbar 10). Kila kPa moja inaweza kupandisha maji kwenye mrija sentimita 10 hivi, kwa hiyo mashine ya kPa 20 inayainua karibu mita mbili. Kwa nyumbani tafuta kuanzia 16 hadi 22. Ya pili ni wingi wa hewa, kwa lita kwa sekunde. Mashine isiyoandika hata moja kati ya hizi mbili, ila imeandika wati kwa herufi kubwa kama bango la mkutano wa hadhara, mimi huipita.

Na wati zenyewe unaweza kuzihakiki kwa mita ya LUKU. Tazama usoni pa mita, pameandikwa idadi ya mipigo kwa uniti moja, kama 1000 au 1600 imp/kWh, na kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, uiwashe vakyumu peke yake, hesabu mipepeso ya dakika moja. Zidisha kwa 60, gawa kwa ile namba ya kwenye mita, unapata kilowati. Mita ya 1000 ikipepesa mara 20 kwa dakika, mashine inakula kilowati 1.2. Ile yangu ya pili boksi lilisema wati 2400. Nilihesabu mipepeso 18. Kilowati moja na kidogo! Sikukasirika kwa sababu ya umeme, maana nilikuwa nalipa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikasirika kwa sababu mtu anayekudanganya kwenye boksi amekudanganya na ndani pia.

Hatua ya 5: Tangi na boya

Tangi liko la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Wengi hudhani chuma ni imara siku zote. Inategemea unaishi wapi. Pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba, chumvi ya hewani inatafuta sehemu dhaifu: ripiti za vishikio, klipu, skrubu za magurudumu. Tangi linabaki linang'aa huku klipu zimeoza, na klipu zikioza kichwa hakibani, na kisipobana hakuna kunyonya. Nenda dukani na kisumaku kidogo, hata cha kwenye mlango wa friji. Chuma kizuri cha aina ya 304 hakivutwi, au huvutwa kidogo tu penye mikunjo. Kikinasa kwa nguvu kila mahali, ni chuma cha daraja la chini zaidi au ni bati lililopakwa. Plastiki nene isiyopinda ukiibonyeza kwa kidole gumba inanitosha mimi, na haina habari na chumvi.

Angalia pia kama kuna tundu la kumwagia maji chini, lenye kizibo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 20 likijaa, halafu huna tundu la chini, utalibeba kama mtungi wa gesi hadi chooni.

Sasa boya. Kwa Kiswahili cha mtaani boya ni mtu asiyejua kinachoendelea, lakini ndani ya vakyumu boya ndilo lenye akili kuliko wote. Ni kijimpira cha duara au kikombe chepesi cha plastiki kilicho ndani ya kizimba, chini ya mota. Maji yakipanda linapanda nayo, likifika juu linaziba njia ya hewa, mashine inaacha kuvuta na mlio unabadilika. Bila boya, maji yanapanda hadi kwenye feni. Fungua kichwa, kipindue, sukuma boya kwa kidole: liende juu na kushuka bila kukwama. Likiwa linasuasua dukani, nyumbani litaganda kabisa. Elewa pia kwamba boya hufunga kabla tangi halijajaa, hivyo lita zilizoandikwa ni za tangi tupu. Maji utakayovuta kwa mkupuo mmoja ni pungufu.

Boya lina adui mmoja: povu. Povu ni jepesi, haliinui boya, linapita pembeni yake na kuingia juu. Ukiosha makochi au zulia, tumia sabuni kidogo, na weka siki kiasi cha kikombe cha kahawa ndani ya tangi kabla ya kuanza. Inasaidia kuvunja povu.

Hatua ya 6: Filta

Mashine nyingi huja na mbili au tatu: sponji ya kuvalisha kwenye kizimba wakati wa maji, filta ya mikunjo au ya kitambaa wakati wa vumbi, na pengine mfuko wa karatasi. Wanaoharibu mashine mara nyingi ni wavivu wa kubadilisha. Ukivuta maji na filta ya karatasi inalowa na kuchanika. Ukivuta vumbi la jipsamu na sponji peke yake linapita kama unga kwenye chekeche kubwa.

Uliza kama filta ya mikunjo inaoshwa. Zinazooshwa zina faida, ila zikaushwe kivulini siku nzima kabla ya kurudi. Filta mbichi na vumbi ni tope, na wiki moja baadaye gari lako litanuka uvundo usioujua umetoka wapi. Vumbi la saruji usiliguse na maji hata kidogo, litagandia kwenye mikunjo. Likung'ute kwanza nje, upepo ukiwa mgongoni. Na ukiwa na ujenzi au ukarabati wa ndani, mfuko si anasa, unapunguza mzigo wa filta kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 7: Mpira, magurudumu, waya

Mpira huchanika shingoni, pale unapoingia kwenye tangi. Ukunje pale dukani uone kama unarudi au unabaki na alama nyeupe. Kipenyo cha 32 au 35 mm ni cha kawaida, utapata wa kubadilisha. Kipenyo cha ajabu ajabu kitakufunga kwa muuzaji mmoja. Magurudumu yawe ya kuchomoka. Waya usipungue mita nne, la sivyo utaishi kwa ekstensheni, na ekstensheni nyembamba za bei ya soda ndizo zinazopunguza volti na kuipasha mota joto. Kama ni lazima, iwe ya nyuzi za milimita za mraba 1.5, na uikunjue yote kabla ya kuwasha. Iliyozungushwa kwenye gurudumu lake huchemka.

Hatua ya 8: Uliza spea kabla ya punguzo

Nilikwenda Kariakoo, upande wa Gerezani, kutafuta ya tatu. Kijana wa duka moja akanitolea mashine nzuri ya machoni.

"Kaka, hiyo waya wa mota ni kopa tupu. Chukua, nikupigie bei ya jioni."

"Spea zake zipo? Filta, kaboni, mpira?"

"Spea za nini tena, kaka? Hii haiharibiki."

Nikamshukuru, nikatoka. Duka la tatu, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua hakunisifia chochote. Alipanda ngazi, akashusha filta mbili na mpira wa aina ileile, akaviweka juu ya kaunta. "Kaboni sina hapa, lakini ni za saizi hii, zipo kwa yule pale." Nilinunua kwake, kwa bei kubwa kuliko kwa yule kijana.

Kuhusu majina: madukani kwetu utakutana sana na Total na Ingco, kwa sababu wana mtandao mpana wa maduka ya vifaa. Juu yao kibei kuna Kärcher ya Ujerumani, na kwa wenye kazi nzito, Nilfisk ya Denmark. Sitakuambia ipi ni bora. Nitakuambia hivi: jina lenye duka la spea unaloweza kulifikia kwa daladala moja ni bora kuliko jina kubwa ambalo filta yake inasubiri mtu atoke Ulaya. Aliyeko Mwanza au Songea hesabu yake itakuwa tofauti na yangu.

Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo. Soma waranti haihusu nini. Karibu zote haziingizi kaboni, filta, wala mota iliyoingia maji. Boksi lenye jina maarufu lililokosewa herufi moja, au kibati kilichobandikwa upande, ni feki. Usibishane, pita.

Hatua ya 9: Ijaribu na maji kabla ya kulipa

Wauzaji watakuwashia mashine ikiwa kavu, itoe kelele, basi. Omba ndoo ya maji. Muuzaji wa kweli hatakataa, atanung'unika tu. Valisha sponji, vuta lita kama kumi, sikiliza. Kisha endelea kuvuta hadi boya lifunge: mlio upande ghafla, kunyonya kukome. Zima, fungua, pitisha kidole juu ya boya upande wa mota. Pawe pakavu. Pakiwa na matone, maji yamepenya na yatapenya kila siku. Tazama na sakafu chini ya tangi. Mwisho, washa tena dakika tano kavu, ushike kichwa: joto la kikombe cha chai ni sawa, harufu ya plastiki si sawa.

Ikishafika nyumbani

Maji ya mafuriko na umeme havina urafiki. Kabla hujaingiza mashine kwenye chumba chenye maji, kata umeme wa soketi za chumba hicho, na uchukue umeme kutoka chumba kikavu, plagi ikiwa juu ya meza. Kama ubao wako wa umeme hauna kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukianza kuvuja, mwite fundi umeme aiweke. Ni gharama ambayo siibishanii.

Usivute majivu ya jiko la mkaa hata yakionekana yamepoa tangu jana. Kaa moja lililojificha linatosha kuwasha filta. Usivute petroli, thina wala mafuta ya taa: kaboni hutoa cheche, na ndani ya tangi kuna mvuke na hewa ya kutosha. TANESCO wakikata katikati ya kazi, chomoa, usiache swichi ikiwa imewashwa ikisubiri umeme urudi kwa kishindo.

Baada ya kila kazi ya maji, mwaga, suuza tangi, hasa kama maji yalikuwa ya chumvi, kisha iwashe mashine ikiwa tupu dakika mbili tatu ili ikaushe mpira na feni. Ihifadhi kichwa kikiwa kimeegeshwa pembeni, hakijafungwa. Tangi lililofungwa na unyevu linaota kuvu, na boya linagandia kwenye kizimba chake.

Mara moja kwa mwaka, mimi hufanya hivyo baada ya masika, fundi afungue aangalie kaboni. Zikibaki chini ya theluthi ya urefu wake wa mwanzo, zibadilishwe zote mbili pamoja, hata kama moja inaonekana nzima. Na hizo za kubadilisha zinunue sasa, wiki hiihii uliyonunua mashine, wakati duka bado linazo. Zangu ziko kwenye pakiti ndogo, nimeibandika kwa selotepu upande wa ndani wa kifuniko cha juu, na namba ya saizi nimeiandika pale kwa kalamu ya maka, kwa sababu fundi wa Manzese akisafiri kwenda kwao sitaki atakayemshikia benchi aanze kutafuta msasa.